Demani Tatu Upeponi

SWALI: Katika filamu moja ya Kiingereza nilisikia mlevi akisemwa kuwa yuko "three sheets to the wind". Kamusi yangu inasema "sheet" ni shuka au karatasi. Mashuka matatu na ulevi wapi na wapi?

JIBU: Kamusi yako imekuacha nchi kavu. Kwa mabaharia wa Kiingereza, "sheet" si shuka, na wala si tanga kama wengi wanavyodhani. Ni kamba inayofungwa kwenye pembe ya chini ya tanga, ambayo huvutwa au kulegezwa ili tanga lishike upepo sawasawa. Wanamaji wetu huiita demani. Kama umewahi kupanda jahazi unaijua kazi yake: ikimponyoka mshikaji, tanga hupigapiga ovyo na chombo hupoteza mwendo, kikabaki kuyumba. Sasa fikiria demani tatu zimeachia kwa mpigo! Ndivyo anavyokwenda mlevi, mguu huku, mguu kule.

Msemo huu ulikwishachapishwa mwaka 1821, katika kitabu Real Life in London, ila hapo ni "in the wind". Hesabu ya kamba nayo ilikuwa kama kipimo cha ulevi. Katika Treasure Island cha Robert Louis Stevenson, kilichotoka kama kitabu mwaka 1883, Long John Silver anataja kamba moja tu.

Ukiutafsiri, tafadhali usituletee mashuka. "Kalewa chakari" inatosha.