MAJI HUFUATA MKONDO
Somo kutoka Mwanza kwa wenye kutaka kujenga



Somo letu la safari hii halihusu palizi wala bei ya karafuu. Lahusu ujenzi: wapi pajengwe na wapi pasijengwe. Huenda baadhi yenu mkauliza, Chama cha wakulima wa karafuu kina shughuli gani na ujenzi, tena wa Mwanza, mji ulio kando ya ziwa, mbali na bahari yetu?

Jibu ni hili. Kamati imeletewa kiwanja cha kujenga ghala na sakafu ya kuanikia. Kiwanja hicho kiko ukingoni mwa bonde la mpunga, karibu na barabara, na bei yake ni nafuu kuliko ya kile cha kilimani. Wanachama wamegawanyika. Wapo wasemao tununue upesi kabla hajatokea mwingine, na wapo wasemao kwamba wakati wa masika mahali hapo hupitika kwa taabu. Fedha zitakazolipwa ni michango yenu, nayo imekusanywa msimu baada ya msimu. Kwa hivyo tumeona yafaa, kabla ya mkutano, tujifunze kwa wenzetu waliokwisha kulionja jambo hili. Wahenga walisema, mwenzio akinyolewa, zako tia maji.

1. Mji wenye maji ya namna mbili

Mwanza uko upande wa kusini wa Ziwa Victoria. Ziwa hili ni kubwa kuliko yote katika Afrika. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 68,800, na nchi tatu zimeligawana: Tanzania, Uganda na Kenya. Sehemu ya Tanzania ni kiasi cha nusu. Mji wenyewe umejengwa baina ya vilima vya mawe makubwa, na nyumba nyingi zimepanda juu ya vilima hivyo mpaka kati ya mawe. Chini yake, katikati ya mji, unapita mto Mirongo ukielekea ziwani.

Basi mtu wa Mwanza ana maji ya namna mbili ya kuyaogopa. Ya kwanza ni ya mto. Mvua ikinyesha juu ya mawe haina pa kuzama. Hali kadhalika ikinyesha juu ya mabati na njia za lami. Yote huteremka kwa pamoja, na mto uliokuwa mwembamba asubuhi huweza kujaa kwa muda mfupi. Mkondo ukiwa umezibwa na takataka au umebanwa na kuta za nyumba, maji hutafuta njia nyingine, nayo ni milango ya watu. Wakaazi wa Mabatini, walio karibu na Mirongo, wanayajua haya vizuri.

Ya pili ni ya ziwa. Haya hayaji kwa kishindo. Huja polepole, kwa miezi, na kwa sababu hiyo hudanganya.

2. Ziwa hushuka, kisha hurudi

Maji mengi ya Ziwa Victoria hutokana na mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Mito, ukiwamo mkubwa wao Kagera, huleta sehemu iliyo ndogo. Njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni mto Nile pale Jinja, Uganda. Kwa hivyo mvua zikizidi kwa mwaka mmoja au miwili, ziwa hupanda, wala haliwezi kushuka kwa haraka.

Mwisho wa mwaka 1961 zilinyesha mvua kubwa mno katika Afrika Mashariki. Kutoka hapo mpaka mwaka 1964 ziwa lilipanda kiasi cha mita 2 na nusu. Katika Mei 1964 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.41. Baadaye ziwa likaanza kushuka kidogo kidogo, na mwaka 2006 lilishuka sana, hata ufukwe uliokuwa chini ya maji ukawa nchi kavu. Watu wakaiona ardhi mpya, tambarare, iliyo karibu na samaki na njia. Wapo waliolima, na wapo waliojenga.

Mwisho wa mwaka 2019 mvua zikazidi tena. Kufikia Mei 2020 kipimo kilisoma mita 13.42, yaani kiliipita ile alama ya 1964. Mialo na nyumba za kandokando ya ziwa ziliingiwa na maji katika nchi zote tatu. Mwaka 2024 ziwa likapanda zaidi ya hapo.

Tazameni vizuri hesabu hii. Baina ya 1964 na 2020 ilipita miaka 56. Kijana aliyejenga ufukweni mwaka 2006 hakuwa na kumbukumbu ya 1964. Labda babu yake alikuwa nayo. Maji hayakuingia kwenye nyumba yake. Nyumba yake ndiyo iliyoingia kwenye maji, ila ilijengwa siku ambazo mwenyewe ametoka.

3. Sheria yasemaje

Katika Tanzania Bara ziko sheria zaidi ya moja juu ya jambo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeeleza habari ya ardhi ya hatari. Ardhi hiyo ni ile ambayo kujengwa kwake huweza kuhatarisha maisha ya watu au kuharibu mazingira, na imetaja ndani yake ardhi iliyo katika mita 60 kutoka ukingo wa mto, mwambao wa ziwa au pwani, pamoja na ardhi oevu na miteremko mikali. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Katika kifungu chake cha 57 imekataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka pwani ya bahari, mwambao wa ziwa, ukingo wa mto au bwawa.

Zingatieni neno "kudumu". Mvuvi hawezi kuishi mbali na maji, wala sheria haikusema asivute mashua yake ufukweni. Chanja cha kuanikia dagaa huondoshwa, kama tunavyokunja jamvi letu la karafuu mvua inapotishia. Nyumba ya matofali haikunjwi.

Mtu atakaye kujenga Mwanza hana budi kupata kibali cha ujenzi kutoka kwa Halmashauri yake, nacho hufuata mchoro wa mipango miji. Kwa mambo ya mito na mwambao iko Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako Mwanza humo humo.

Majirani nao wana kanuni zao. Uganda, kwa kanuni za mwaka 2000, imeweka mita 200 kutoka Ziwa Victoria. Kenya, kwa mito yake, imeweka kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, lakini kipimo huanzia pale maji yalipowahi kufika juu kabisa. Hapo pana busara. Kanuni yenye mita nyingi bila ya kusema zinaanzia wapi ni kama pishi isiyo na kitako.

Sheria tulizozitaja za Bara hazitumiki huku Visiwani. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi ya mwaka 1992 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015. Basi mwanachama asichukue mita 60 za Mwanza akazifanya hukumu ya hapa. Aulize ofisi zetu. Tunachokichukua Mwanza ni maarifa.

4. Hesabu ya mita 60

Wengi hudhani kwamba akishapima mita 60 amesalimika. Hebu tufanye hesabu.

Chukueni ufukwe ulioinama kidogo tu, kiasi cha mita 1 ya kupanda kwa kila mita 30 za kwenda. Maji yakipanda mita 2 na nusu, kama yalivyopanda baina ya 1961 na 1964, yatasogea nchi kavu mara 30 ya hapo, yaani mita 75. Aliyejenga kwenye mita 60 yumo ndani ya maji, ingawa sheria aliifuata.

Sasa chukueni ufukwe mkali zaidi, wenye kupanda mita 1 kwa kila mita 10. Maji yale yale yatasogea mita 25 tu. Aliyejenga kwenye mita 60 amebakiwa na mita 35 za nchi kavu.

Basi mafunzo ni mawili. Kwanza, sheria huweka kiasi cha chini kabisa. Haimzuii mtu kutumia akili zaidi yake. Pili, umbali peke yake hautoshi. Sharti upimwe na urefu wa kwenda juu. Fundi mwashi yeyote anaweza kuupima kwa mpira mwembamba mweupe uliotiwa maji, ule ule autumiao kusawazisha msingi. Ncha moja ashike mtu kwenye alama ya mafuriko, na nyingine ashike mtu kiwanjani. Maji ya mpirani yatasema kweli bila ya kumwogopa muuza kiwanja.

5. Kwa nini watu hujenga palipokatazwa

Si haki kuwacheka wenzetu wa kando ya Mirongo, wala kusema kwamba ni wakaidi. Bondeni kiwanja ni rahisi, soko li karibu, na nauli haihitajiki. Aghalabu nyumba zilitangulia, na kanuni zikafuata. Mtu akishakaa miaka, akavutiwa umeme na akalipa kodi ya jengo, huona kwamba serikali imekwisha kumkubali. Lakini stakabadhi ya kodi si kibali cha ujenzi, na waya wa umeme haumzuii mto.

Dar es Salaam nayo ilionyesha hivyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na baadhi ya waliookolewa mabondeni walipelekwa kukaa Mabwepande. Hata hivyo bonde la Msimbazi lilijaa nyumba tena, na kuanzia Desemba 2015 nyumba nyingi zilitiwa alama ya msalaba mwekundu na kubomolewa. Wengi walilia kwamba walikuwa na karatasi mkononi. Hasara ilikuwa ya mwenye nyumba.

6. Sisi na kiwanja chetu

Wazee wetu hawakuwa na mchoro wa mipango miji, lakini kisiwa chetu walikisoma. Walijenga juu ya vilima, wakapanda mikarafuu miteremkoni, na bonde wakaliachia mpunga, kwa kuwa mpunga wapenda maji. Hatukumbuki kuona mzee aliyeweka karafuu zake kavu palipo mahali pa mpunga. Karafuu ikilala juu ya sakafu yenye unyevu hufanya ukungu, na ikifika kituoni hushushwa daraja. Mwaka mmoja wa ghala kuingia maji waweza kula faida yote ya bei nafuu ya kiwanja.

Kwa hivyo, kabla ya Chama kutoa hata shilingi moja, twapendekeza yafanywe haya:

(a) Waulizwe wanawake wanaolima mpunga katika bonde hilo, na wazee wa mtaa, maji yaliwahi kufika wapi, si mwaka jana tu bali tangu wakumbukavyo. Kila mahali patajwapo pachomekwe kijiti.

(b) Yatazamwe mashina ya minazi na kuta za karibu, kama yana mstari wa matope.

(c) Lichimbwe shimo la kina cha mita moja wakati wa masika, tuone kama litatoa maji.

(d) Upimwe kwa mpira urefu wa kiwanja juu ya kijiti cha juu kabisa.

(e) Aonwe Sheha, kisha ofisi za ardhi na mazingira, na majibu yao yaletwe kwa maandishi. Neno la mdomo la dalali lisihesabiwe.

Sisi katika ofisi hatufichi rai yetu. Twaona afadhali kungoja masika yapite tukijua kweli, kuliko kununua leo na kujuta baadaye. Muuzaji akikataa kungoja, basi kukataa kwake nako ni jibu. Lakini uamuzi ni wa mkutano, na ikiwa vipimo vitaonyesha kwamba mahali hapo ni salama, tutakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Wapo watakaosema kwamba yote ni kudura. Ni kweli, na hatutoki katika imani hiyo. Ila tumefundishwa chuoni kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu akatawakali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

1. Kwa nini ziwa lililoshuka ni la hatari kwa mjenzi kuliko lililojaa?
2. Ufukwe wapanda mita 1 kwa kila mita 20. Maji yakipanda mita 2 na nusu, yatasogea mita ngapi? Je, mita 60 zinatosha?
3. Kuna tofauti gani baina ya stakabadhi ya kodi na kibali cha ujenzi?
4. Katika mtaa wenu, ni mahali gani ambapo wazee hawakujenga? Kwa sababu gani?

Majibu ya swali la nne yaandikwe na katibu wa kila tawi, yaletwe ofisini kabla ya mkutano. Hayo ndiyo tunayoyahitaji zaidi, maana hayamo katika kitabu chochote.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama