Mafunzo Niliyopata Nikibadilisha Shoki Majengo

Gari langu ni Toyota Crown Athlete, lililotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Kilindini. Shokomzoba zake ni za umeme: juu ya kila moja hukaa kimota kidogo kinachozungusha ufito wa ndani na kubadilisha upana wa vitundu vya mafuta, gari likawa laini au gumu. Toyota walianza mtindo huu 1983 katika Soarer. Za mbele nilizibadilisha kwa fundi mzee wa Majengo ambaye sote twamwita Ami.

1. Taa ya dashibodi na shoki mbovu yaweza kuwa maradhi mawili. Taa ilipowaka nilikimbilia dukani. Ami aliinua boneti, akachomoa kichwa cha waya: pini zimeota kijani kwa chumvi ya pwani. Alizisafisha, akafuta hitilafu kwa mashine, taa ikazima. Lakini shoki ya kushoto ilikuwa yavuja mafuta, na hilo halikuwa na taa.

2. Nunua kwa namba ya kipuri. Ziko Crown zenye shoki za kawaida, na kwa nje zafanana. Zile nilizonunua mwanzo hazikuwa na ufito wa kuzungushwa. Kimota kingekaa juu yake bure. Nilizirudisha, nikatafuta jozi kamili, kwani mpya upande mmoja na nzee upande wa pili hulivuta gari.

3. Nati ya katikati usiiguse. Hapa ndipo nilipokaribia kuumia. Shoki ikiwa bado garini, boneti wazi, niliona nati ile kubwa nikaitia spana. Ami alinishika mkono.

“Mwanangu, hiyo ndiyo iliyoizuia springi. Ikiruka, itakuvunja taya.”

Shoki hutolewa nzima pamoja na springi yake. Ikiwa chini ndipo hubanwa kwa vibanio viwili, kila kimoja upande wake, kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka springi icheze kwenye kikalio chake. Hapo tu ndipo nati hufunguliwa, na uso wako usiwe mbele yake. Nimewaona vijana wakitumia kamba na waya wa kufungia. Naomba waache.

4. Waya kabla ya bolti. Zima gari, toa betri, chomoa waya na kimota, kisha teremsha shoki. Wakati wa kurudisha, kimota kiingie kwenye mfuo wa ufito bila kulazimishwa.

5. Bolti ya chini hukazwa mwisho, magurudumu yakiwa yamebeba uzito. Ikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi hubaki umejipinda, ukachanika mapema.

Tulilijaribu jioni. Ami alikaa kando yangu, kiganja juu ya dashibodi, akaniambia nibonyeze swichi ya spoti. Tuta la kwanza liligonga kavu. Nikaizima. Tuta la pili gari lilizama taratibu, likainuka mara moja, likatulia, na Ami akaondoa mkono.