Insulini Itokanayo na Bakteria

Watumiaji wa insulini hutuuliza mara kwa mara maswali mawili. Je, dawa hii inatokana na nguruwe? Na ikiwa inatengenezwa na bakteria, je, bakteria hao hawaingii mwilini kwa sindano? Maswali hayo yanastahili majibu kamili, kwani mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini kwa sababu ya shaka, anaweza kupoteza maisha katika muda wa siku chache tu.

Shaka ya kwanza ina chimbuko la kweli. Tangu mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipotibiwa mjini Toronto, insulini ilipatikana katika kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Iliokoa wengi, ingawa haikulingana kabisa na ya binadamu: kati ya asidi amino 51, ya nguruwe hutofautiana nayo kwa moja na ya ng'ombe kwa tatu. Baadhi ya wagonjwa walipata mzio.

Mwaka 1978 watafiti nchini Marekani waliunda maabara jeni za insulini ya binadamu, wakazipachika katika vipande vya DNA vyenye umbo la pete, kisha wakaviingiza ndani ya bakteria aitwaye Escherichia coli. Bakteria huzisoma jeni hizo kana kwamba ni zake. Kiwandani hulelewa katika matangi makubwa yenye sukari, chumvichumvi na hewa, katika joto linalodhibitiwa, nao huongezeka kwa kasi. Anayeumua unga wa maandazi kwa hamira hataiona kazi hii kuwa ngeni sana. Hatimaye seli hupasuliwa, na insulini hutenganishwa na kusafishwa kwa hatua nyingi. Kinachotiwa chupani ni homoni, wala si kiumbe hai. Insulini ya kwanza ya namna hii, Humulin, iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Viwanda vingine hutumia hamira badala ya bakteria. Insulini ya wanyama sasa ni adimu. Mwenye shaka amwombe mfamasia amsomee asili ya dawa katika karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi.

Kwa maoni yetu, hatari kubwa zaidi iko nyumbani. Insulini ni protini, na protini huharibiwa na joto na barafu. Chupa ambayo haijafunguliwa ihifadhiwe katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, mbali na sehemu ya kugandishia. Iliyoganda isitumiwe kamwe, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Asiye na jokofu anaweza kutumia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, vikitenganishwa kwa mchanga uliolowa na kuwekwa kivulini. Chupa ikishafunguliwa, aina nyingi hudumu takriban wiki nne. Andika tarehe ya kufungua juu yake. Insulini inayopaswa kuwa maangavu ikionekana na ukungu, au ile ya rangi ya maziwa ikibaki na madonge baada ya kuviringishwa taratibu viganjani, irudishe katika duka la dawa ulikoinunua, pamoja na boksi lake.