SOMO LA AFYA: KOVU LINALOKUA BAADA YA UPASUAJI



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulificha chini ya shati. Ni kovu ambalo, badala ya kutulia baada ya kidonda kupona, huanza kuvimba, kuwa gumu, kuwasha na kukua. Waganga huliita keloidi. Kutoka njia panda ya Kikorongo kwenda Bwera, na upande wa pili kwenda Kasese na Hima, tunawakuta wenzetu wa pamba, kahawa, chumvi na saruji wenye makovu ya namna hii. Yuko mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua. Yuko kijana aliyepasuliwa ngiri. Wengi wao hawakuelezwa neno lolote siku ya kutoka hospitali.

1. Keloidi ni nini?

Ngozi ikikatwa, mwili hutengeneza nyuzi za kuziba pengo, kama fundi anavyoziba ufa wa ukuta. Pengo likijaa, kazi husimama. Kwa mwenye keloidi kazi haisimami. Nyuzi huendelea kurundikana. Jina hili lilitolewa na mganga wa Ufaransa, Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, kwa sababu aliona uvimbe ule unatambaa kwenye ngozi kama makucha ya kaa.

Tusichanganye mambo mawili. Kovu lililoinuka tu hubaki ndani ya mipaka ya kidonda, na mara nyingi hushuka lenyewe kadiri muda unavyopita. Keloidi huvuka mipaka ya kidonda na haishuki yenyewe. Inaweza kuanza miezi kadhaa baada ya upasuaji, hata mwaka au zaidi.

2. Nani huipata?

Mtu yeyote anaweza, lakini sisi wenye ngozi nyeusi huipata zaidi, hasa kati ya miaka 10 na 30. Hufuata ukoo pia. Sehemu zinazoshikwa sana ni ndewe la sikio, kifua, mabega, mgongo wa juu na taya. Kidonda kilichooza au kinachovutwa kila siku kina hatari zaidi.

Keloidi si saratani. Haiambukizi. Si uchawi, wala si dalili kwamba daktari alisahau kitu tumboni. Lakini uvimbe ukipasuka, ukitoa damu au ukikua kwa haraka mno, nendeni ukapimwe, maana huenda ni ugonjwa mwingine.

3. Kabla na baada ya kupasuliwa

Kabla: mwambieni daktari kama wewe au ndugu wa damu ana keloidi. Asipouliza, semeni wenyewe. Na kukata kusiko na lazima, kama kutoboa masikio au kuchanja, mwenye keloidi akuache.

Baada: wekeni kidonda safi na kikavu. Mwenzetu wa Katwe asiingie katika maji ya chumvi, na wa saruji asiache vumbi liguse kidonda kibichi. Kidonda kikifunga kabisa, muulizeni mganga juu ya plasta ya karatasi au bamba la silikoni. Bamba hilo hukaa juu ya kovu saa 12 au zaidi kwa siku, kwa muda wa miezi 3 au zaidi.

Jambo kubwa ni uzito. Ngozi iliyoshonwa huonekana imepona baada ya wiki 2 au 3, lakini bado ni dhaifu. Hata baada ya miezi 3 hufikia kiasi cha asilimia 80 tu ya nguvu yake ya zamani. Anayerudi mapema kubeba magunia huvuta mshono kila siku, na kidonda kinachovutwa huuambia mwili uongeze nyuzi.

4. Keloidi ikishatokea

Msiikate kwa wembe. Msiichome kwa maji ya betri wala dawa za sokoni. Hata hospitalini, keloidi ikikatwa bila tiba nyingine, hurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa au zaidi, na mara nyingine hurudi kubwa kuliko ya kwanza.

Tiba inayotumika sana ni sindano ya triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hivi, mara kadhaa. Huuma, na inaweza kufanya ngozi iwe nyembamba au ipoteze rangi. Lakini hulainisha kovu na kupunguza kuwasha. Mwenye kisukari au mjamzito amwambie daktari kwanza. Ziko pia tiba za kugandisha kwa baridi, kubana, na kukata pamoja na sindano au mionzi. Anzeni kwa kuuliza katika hospitali ya Bwera, Kagando au Kilembe. Kazi kubwa ya kurekebisha ngozi hufanywa katika hospitali ya CoRSU, Kisubi. Anzeni mapema: keloidi ndogo ni rahisi kutibu kuliko kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Haki zetu

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kazini. Masharti ni kumjulisha mwajiri mapema na kuonyesha cheti cha daktari akikitaka. Kwa hiyo msitoke hospitali bila karatasi, na mwombeni daktari aandike wazi muda wa kutobeba mizigo. Kama upasuaji ulitokana na ajali ya kazini, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inahusika, na gharama za matibabu ni za mwajiri. Toeni taarifa mara moja, na mwakilishi wa tawi aweke nakala.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Ni kazi zipi nyepesi hapa kwetu anazoweza kupewa aliyepasuliwa?
2. Nani atamsindikiza mwenzetu anayeona haya kuonyesha kovu lake?
3. Je, kila mwanachama anajua pa kupeleka cheti cha daktari?

Kovu si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzetu abebe gunia na mshono mbichi huku tunamtazama. Umoja ni nguvu.