Mpangilio wa Bafa katika Kihariri cha Matini

Mtu aandikapo kwa kompyuta, maandishi yake hayashughulikiwi moja kwa moja pale yalipohifadhiwa. Kihariri cha matini huyanakili kwanza katika sehemu ya kumbukumbu iitwayo bafa, na humo ndimo yanamoongezwa, kufutwa na kusahihishwa, mpaka mwandishi atoe amri ya kuyahifadhi. Kihariri kimoja kinaweza kushika bafa nyingi, ingawa kioo huonyesha moja au mbili tu. Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya: mwandishi aombapo bafa inayofuata, inayofuata ni ipi?

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Bariadi anayekusanya vipimo vya mvua vya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Shinyanga na Mwanza. Amefungua faili tano, moja kwa kila wilaya, kwa utaratibu huu: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa, Meatu. Kihariri chake huzipanga bafa kwa matumizi ya karibuni, yaani iliyotumika mwisho hukaa juu. Orodha basi ni Meatu, Maswa, Itilima, Busega, Bariadi.

Mwanafunzi yumo Meatu na anataka kwenda Itilima, ambayo ni ya tatu. Anatoa amri ya kuhama mara mbili. Amri ya kwanza inampeleka Maswa. Lakini kwa kufika tu, Maswa imekuwa ndiyo iliyotumika karibuni zaidi, nayo inapanda juu: Maswa, Meatu, Itilima, Busega, Bariadi. Amri ya pili inachukua tena ile ya pili katika orodha, nayo ni Meatu! Hata akibonyeza mara mia, atayumba baina ya Maswa na Meatu, wala Itilima hataifikia kamwe. Na safu za milimita hufanana. Tarakimu hazibebi jina la wilaya. Asipotazama jina la faili kwenye kioo, ataandika mvua ya Itilima katika faili ya Meatu na kuihifadhi, wala programu haitamwonya, kwa kuwa kwa upande wa kompyuta hakuna kosa lililotendeka.

Kiini cha tatizo ni kwamba orodha inapangwa upya wakati ule ule inapopitiwa. Ni sawa na kuhesabu watu katika foleni ya kupimisha pamba, huku kila unayemgusa akikimbilia mbele.

Tiba iliyo nyepesi ni kutumia mpangilio usiobadilika. Kihariri cha Vim hufanya hivyo: kila bafa hupewa namba kwa utaratibu wa kufunguliwa, amri ya :ls huonyesha orodha, na :bn huhamia namba inayofuata, ikifika mwisho hurudi mwanzo, kama mviringo. Anayejua namba huandika :b3 akafika Itilima papo hapo. (Mtungaji wa Vim, Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeitoa kwa umma mwaka 1991, kwa miaka mingi aliwaomba watumiaji wake wawachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda.)

Tiba ya pili ni kuigandisha orodha mpaka safari iishe. Ndivyo ifanyavyo Windows kwa vitufe vya Alt na Tab: maadamu Alt imeshikiliwa, orodha haibadiliki, ikiachiwa, dirisha lililochaguliwa hupanda juu. Katika kihariri ambacho hakuna kitufe kinachoshikiliwa, hatuna budi kuamua safari inakwisha lini. Wapo wanaotumia muda: sekunde kadhaa zikipita, safari imekwisha. Kwa maoni yangu njia hiyo humwonea msomaji wa polepole, ambaye huenda bado anatafakari. Alama bora ni herufi ya kwanza kuandikwa, kwa kuwa anayeandika amekwisha kufika.

Emacs ina njia zote mbili, na anayeanza huzichanganya. Control na x, kisha b na Enter, humrudisha mwandishi kwenye bafa aliyoiacha karibuni. Akirudia, atayumba kama mwanafunzi wetu. Control na x pamoja na mshale wa kushoto humpeleka nyuma hatua kwa hatua bila kukwama. Tangu toleo la 24, la mwaka 2012, kila dirisha hutunza historia yake lenyewe. Hivyo mshale ule ule huweza kuleta bafa tofauti katika madirisha mawili. Kwa kuingiza takwimu ningechagua namba zisizobadilika. Kwa kuandika insha, matumizi ya karibuni.

Shule isiyo na kompyuta za kutosha inaweza kutumia kadi tano zenye majina ya wilaya, zikipangwa kama orodha ya mwanzo, Meatu ikiwa juu. Wanafunzi wahame mara mbili huku orodha ikiwa imegandishwa, kisha mmoja aandike tarakimu moja kwenye kadi aliyoifikia. Orodha mpya ni ipi? Na ni hatua ngapi kurudi Meatu?