Rubani naye apande mlau

Mdogo wangu, sogea hapa mkekani tuongee. Mwezi huu nimeulizwa swali lile lile na watoto watatu, mmoja wa Salale, mmoja wa Bungu, na mwingine anamalizia kidato cha sita pale Kibiti: "Dada, nataka kuwa rubani, nisomee shahada gani?" Nimecheka kidogo, wala si kwa dharau. Nimecheka kwa sababu nakuona ulipo. Uko juu ya dungu, umetumwa kulinda mpunga, mara Cessna ya Mafia inapita juu ya mikoko nawe unasahau kazi. Ndege wanakula mpunga, wewe unaangalia ndege. Hata mimi nilishachapwa kwa kosa hilo.

Haya, nikwambie la kwanza ili usiku ulale. Shahada haikupi usukani. Kinachokuruhusu kurusha ndege ni leseni, na leseni hapa kwetu inatolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Wao wanataka umri wako, afya yako, mitihani yako ya darasani na saa ulizokaa angani. Ile leseni ya kuruka kwa raha zako unaipata hata ukiwa na miaka 17, kwa saa zisizopungua 40. Ya kuruka ukalipwa ni miaka 18 na saa 200, nazo zinashuka hadi 150 ukisoma kozi yote kwa mfululizo kwenye shule iliyoidhinishwa. Ile kubwa, ya kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, ni miaka 21 na saa 1,500. Shahada umeiona hapo? Hata mimi sikuiona.

Najua mnachanganyikiwa wapi. Kwenye simu. Mengi mnayosoma humo yameandikiwa vijana wa Marekani, ambako makampuni makubwa yalikuwa yanadai shahada ya miaka minne. Na huko nako kamba imelegezwa, kampuni ya ndege ya Delta iliondoa sharti hilo mwaka 2022. Wewe unasoma mambo ya Marekani ukiwa Nyamisati unangoja boti, halafu unakosa raha bure.

Wengine mnadanganywa na jina la kozi. Binti mmoja alikuja kwangu analia, amesoma kozi yenye neno "anga" akidhani mwisho wake atakabidhiwa ndege. Mwisho wake akakabidhiwa cheti cha kazi ya ofisini uwanjani. Kazi nzuri tu, ila si aliyoiota. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, usiulize kozi inaitwaje, uliza waliomaliza wanafanya kazi gani. Pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Mabibo, ukisoma uhandisi wa matengenezo ya ndege unatoka fundi, na fundi wa ndege ni mtu wa kuheshimiwa. Chuo cha Usafiri wa Anga nacho kinafundisha waongoza ndege, wale wanaosema na marubani kutoka mnarani. Urubani ni safari yake peke yake, yenye nauli yake.

Sasa utaniuliza, kama shahada haitakiwi, nisome ya nini? Hapo ndipo nakuvuta sikio. Mtu wa bonde hapandi mpunga akakunja mikono. Anajua masika mto unaweza kuubeba wote, kama ulivyofanya Aprili 2024, tukabaki tunatazama maji. Maji yakishuka, juu ya tope lile lile lililomliza anapanda mlau, mahindi yake, kunde zake, maboga yake. Moyo wake uko kwenye mpunga, hilo halina ubishi, lakini watoto watakula mlau. Shahada yako, mdogo wangu, ndiyo mlau. Usiichague kwa kuwa inanukia ndege. Ichague kwa kuwa siku ndege ikikukatalia itakulisha, nawe utaamka asubuhi kwenda kuifanya bila kununa.

Na ndege hukataa watu, nisikufiche. Binamu yangu alikuwa na akili za kutisha. Baba yake akauza mikorosho, kijana akalipa ada ya mwanzo, ndipo akapelekwa kupimwa. Daktari akamfungulia kile kitabu chenye vidoti vya rangi, asome namba iliyojificha ndani. Yeye haoni namba, anaona vidoti. Kumbe tangu azaliwe nyekundu na kijani zinamchanganya na nyumbani hakuna aliyejua. Alikaa miezi hataki kusema na mtu. Kilichoniuma si macho yake, Mungu ndiye kampa. Kilichoniuma ni mikorosho, kwa sababu kipimo kile angekifanya kabla hata gunia moja halijauzwa.

Kwa hiyo pima kwanza. Sikuombi, nakuagiza. Rubani wa kulipwa anatakiwa kuwa na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na akiwa kijana hukihuisha kila mwaka. Maana yake hata ukishaajiriwa, mwaka wowote moyo au sikio linaweza kukushusha chini. Ila wewe mwenye miwani usianze kulia, miwani peke yake haikufukuzi kama ukiivaa unaona sawasawa.

Wala usidhani ndoto hii ni ngeni kwetu, delta yetu na ndege ni watu wanaojuana zamani. Mwaka 1914 meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya mikoko, Waingereza wako nje baharini hawaioni. Aliyekwenda kuitafuta kwa juu ni rubani wa kiraia, Cutler, na ndege ya Curtiss inayotua majini. Mwaka uliofuata zikaletwa ndege za Sopwith, joto letu likazishinda. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa halipati pa kushika, na hiyo ndiyo fizikia unayoitoroka darasani! Siku meli inamalizwa, tarehe 11 Julai 1915, angani walikuwa wawili, Cull ameshika usukani na mwenzake Arnold anatuma kwa redio makombora yanaangukia wapi. Injini ikapigwa, wakawa wanashuka kuelekea mtoni, na Arnold bado anatuma. Wengi watampenda Cull. Mimi nampenda Arnold, aliyeshika kazi yake hata ndege ikianguka.

Basi ukiwa bado kidato cha nne, shika fizikia na hisabati, uende PCM au PGM, kwani hizo hazikufungii mlango wa urubani. Shahada, kama ningekuwa wewe, ningetazama uhandisi, au hali ya hewa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana rubani huisoma hali ya hewa maisha yake yote na bonde hili linamhitaji mtu anayejua mvua inakuja lini. Lakini ukipenda uhasibu au ualimu, soma kwa amani, hakuna ndege itakayokukataa kwa sababu hiyo. Mshahara wake ndio utakaokununulia saa za angani kidogo kidogo, kwani leseni ya kulipwa hula makumi ya maelfu ya dola, na mzee akiuza shamba lote bado hazifiki. Usiache mbachao kwa msala upitao, na nyie wa kijiji cha Msala msinune, simaanishi kwenu.

Na mzee ukamwambie ukweli. Wengi mnamficha, mnamwambia "nakwenda kusoma ndege", naye anatangaza msikitini kuwa mwanawe rubani. Siku mambo yakienda mrama, aibu inawala wawili. Mwambie kuna leseni na kuna shahada, na kwamba unaanza na daktari.

Likizo hii panda basi la alfajiri hapo Kibiti, shuka Mbagala Rangi Tatu, unganisha gari za Gongo la Mboto ushuke Banana. Ofisi za TCAA ziko pale. Waombe majina ya madaktari walioidhinishwa na ya shule zinazotambulika, uandike kwenye daftari, si kiganjani. Vaa shati lenye kola, na unywe chai kabla ya kuondoka. Ukirudi pita kwangu, nitakuwekea kamba wa nazi, tukae tuyasome hayo majina pamoja.