AFYA YAKO: Kuku Walale Bandani, Jiko Libaki Nje



Katika Nyanda za Juu Kusini miezi ya baridi kali ni Juni, Julai na Agosti. Huko Njombe, Makete na Mufindi upepo wa kusi huvuma kutoka kusini mashariki. Ukungu hufunika mashamba asubuhi. Kule Kitulo umande huganda usiku, na kukicha nyasi ni nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Kabla ya baridi hiyo zipo mvua za upepo. Upepo huo huvunja matawi na kung'oa mabati.

Wakati kama huo wengi wetu hufanya mambo mawili. Huwaingiza kuku ndani ya nyumba ili wasife kwa baridi. Kisha huingiza jiko la mkaa, hufunga mlango na dirisha, na huziba kwa gunia hata ule upenyo wa chini ya mlango. Yote mawili hufanywa kwa huruma. Lakini la kwanza huleta maradhi, na la pili huua watu. Tuanze na hilo linaloua.

MOTO USIO NA MOSHI

Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haionekani na haina harufu. Usidanganyike kwamba mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu, bila moshi, sumu imekwisha. Bado ipo.

Ukiivuta, huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi ambayo mwili unaihitaji. Kichwa huuma. Hufuata kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Aliye macho anaweza kudhani ana malaria au ni uchovu wa shamba. Aliyelala hahisi lolote. Anazidi kulala, na asubuhi haamki.

Ikiwa watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa wote kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikirieni jiko. Fungueni milango na madirisha. Mtoeni mgonjwa nje upesi, hata kama kuna baridi, mfunikeni blanketi, mkampeleke zahanati au hospitali mara moja. Msimwache alale eti atapumzika.

Ota moto jioni, mlango ukiwa wazi. Kabla ya kulala, toa jiko nje. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Kuweka bakuli la maji kando ya jiko hakusaidii hata kidogo, ingawa wapo wanaoamini hivyo. Ndani jifunikeni mablanketi, wavisheni watoto soksi na kofia, na walazeni pamoja na mama yao.

KUKU NDANI YA NYUMBA

Kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kuhara. Mtoto anayetambaa hushika sakafu, halafu hutia mkono mdomoni. Kuku pia huleta viroboto na utitiri. Papasi nao, wanaojificha katika nyufa za sakafu ya udongo, hunyonya damu ya kuku na ya binadamu, na huambukiza homa ya papasi. Wazee wetu wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, walipochimba vyoo ili kinyesi kikae mbali na chakula. Basi kinyesi cha kuku chini ya kitanda kina kazi gani?

Utasema: "Nikiwaacha nje watakufa." Hapa ndipo tunapokosea. Mwili wa kuku una joto kuliko wetu. Joto lake ni kiasi cha nyuzi 41, letu ni 37. Manyoya yake hushika hewa yenye joto kama blanketi. Kuku mkubwa mwenye manyoya makavu, aliyeshiba, huvumilia baridi ya Njombe vizuri sana. Anayemwua ni majimaji pamoja na upepo. Manyoya yakilowa, lile blanketi limekwisha.

Kwa hiyo kuku hahitaji jiko wala chumba chako. Anahitaji mahali pakavu pasipopigwa na upepo.

BANDA

Banda la mita 2 kwa mita 1 na nusu latosha kuku 10 wakubwa. Linyanyue kwa nguzo, usawa wa kiuno chako, ili maji yapite chini na wanyama wasiingie kwa urahisi. Paa lizidi kuta, mvua isipige ndani. Ukuta unaopokea upepo uzibe kabisa kwa mbao, udongo au mianzi. Kwa baridi, upande huo ni wa kusini mashariki. Lakini upepo wa mvua unaweza kutoka kwingine, na kila kilima kina tabia yake. Simama nje siku ya upepo uangalie mwenyewe.

Usizibe pande zote. Acha nafasi juu, chini kidogo ya paa, upande usio na upepo. Pumzi na kinyesi cha kuku hutoa unyevu na hewa kali. Ingiza kichwa bandani asubuhi. Macho yakikuwasha, jua kuku wako nao wanaumia. Ongeza nafasi ya hewa na ubadilishe matandiko. Sakafuni weka maranda makavu. Kwa majirani wa viwanda vya mbao, kama kule Sao Hill, maranda si shida. Wengine watumie majani makavu au pumba za mpunga.

Weka fito za kulalia, unene wa mpini wa jembe. Kuku akikaa juu ya ufito hufunika vidole vyake kwa manyoya. Jioni wape mahindi kidogo. Tumbo lililojaa hutoa joto usiku kucha.

Vifaranga ni habari nyingine. Manyoya yao bado, na kwa majuma ya kwanza hutegemea joto la mama. Waache na mama yao mahali pakavu. Ukilea vifaranga bila mama kwa chungu cha mkaa au taa, fanya hivyo katika banda lao lenye nafasi ya hewa juu, kamwe si chumba cha watu. Wakirundikana, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani, joto limezidi.

Jambo moja zaidi. Kuku wengi wakifa kwa siku chache, watu husema ni baridi. Mara nyingi ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mdondo huletwa na virusi, na hauna dawa ukishaingia. Una chanjo. Ile ya matone hutiwa tone 1 katika jicho la kila kuku, kila baada ya miezi 3. Mwone bwana mifugo mapema, na majirani wachanje siku moja nanyi.

MITI

Wapo wanaokata miti yote ya uani baada ya tawi moja kuanguka. Hapo nyumba na banda hubaki uchi. Mstari wa miti hupunguza upepo mpaka mbali, hata mara 10 ya urefu wa miti yenyewe. Miti inayopitisha upepo kidogo ni bora kuliko ukuta mzito, kwa sababu upepo ukigonga ukuta huruka na kuanguka kwa nguvu upande wa pili.

Shida ni mahali tulipoipanda. Mkaratusi uliopanda ukiwa wa kimo cha goti unaweza kufika mita 30. Uweke mbali kuliko huo urefu. Mti uliokwisha kukua utaupimaje bila kuupanda? Simamisha kijiti cha mita 1 mahali tambarare penye jua. Ngoja mpaka kivuli chake kiwe mita 1 sawasawa. Saa hiyo hiyo pima kivuli cha mti, toka shinani mpaka nchani. Kivuli kikiwa mita 18, mti ni mita 18. Ikiwa nyumba iko mita 12 kutoka shinani, mti unaifikia.

Mti wa namna hiyo uuchunguze kabla ya majira ya upepo. Je, una matawi makavu? Umeinama kuelekea nyumba? Udongo umepasuka shinani? Kuna mchwa au uyoga? Matawi makavu yapunguzwe na mtu anayeijua kazi hiyo. Mti unaong'oka ukatwe, upandwe mwingine mbali zaidi. Kitanda cha watoto kisikae upande wake.

Kuku wanaolala juu ya mparachichi wafundishe kulala bandani. Wape chakula cha jioni humo kila siku na uwafungie, mpaka wazoee. Dhoruba ikiisha kuanza, usitoke kuwafuata mtini. Tawi na radi havichagui. Usijikinge mvua chini ya mti.

Asubuhi yake, kwanza angalia waya za umeme. Waya ulioanguka usiuguse, wala tawi lililoulalia. Zuia watoto, toa taarifa TANESCO. Toa maranda yaliyolowa. Kuku aliyekufa mwenyewe ni kibudu. Asiliwe wala asiuzwe. Mfukie shimo refu, kisha nawa mikono kwa sabuni.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini mkaa mwekundu usio na moshi bado ni hatari?
2. Kijiti cha mita 1 kina kivuli cha mita 1. Kivuli cha mti ni mita 21. Nyumba iko mita 15. Mtafanya nini?
3. Nendeni pamoja mkaangalie mabanda matatu ya kijijini kwenu. Upepo unaingilia wapi?